Nguzo Nyuma ya Sauna

Kila jioni, baada ya supu, nilikuwa na kazi moja: kulilisha gari. Babu Eelis ndiye aliyeiita hivyo. Gari la mama lilitumia umeme na petroli, na majira ya baridi lilikula kwenye nguzo ya umeme iliyosimama nyuma ya sauna, kibanda chetu cha kuogea mvuke. Unachomeka kebo, unatega saa ya nguzo, basi. Alfajiri betri imejaa, injini na viti vimeshapata joto kwa umeme wa nyumbani, na mama anafika kazini mjini Kemijärvi, kilomita arobaini na saba, kwa petroli kidogo tu.

Jumatatu ile nilipofika kwenye kona ya sauna, niliona nyayo kwenye theluji. Kila mmoja ulikuwa mpana kuliko kiganja changu. Mimi Helka, mchekeshaji wa darasa la sita, niliyemcheka mwenzangu Jouni kwa sababu analala taa ikiwaka, nilitimua mbio hadi ndani.

"Umechomeka?" mama aliuliza.

"Limeshiba, sasa linacheua."

Asubuhi gari lilikuwa gumu kama samaki wa barafu. Mama alitazama kioo cha vipimo mbele ya usukani. "Betri tupu. Helka?"

"Labda nguzo imekufa, mama. Nyuzi thelathini na mbili chini ya sifuri, nani asingekufa?"

Babu alisema ataikagua. Sisi tukaondoka, mama kazini, mimi shuleni huko huko mjini. Kioo kilionyesha petroli ya kilomita hamsini na tano, nami nikajipa moyo. Lakini injini baridi hunywa kama ng'ombe aliyetoka juani. Tulipokwenda kilomita tano, ilibaki ya arobaini na sita. Mama akapunguza hita, akapunguza mwendo, tukajifunika blanketi magotini. Pumzi zetu ziliganda kwenye vioo. Sikuwa na mzaha hata mmoja.

Kwenye safu ya masanduku ya barua kando ya barabara, mama alisimamisha gari. Mbele ni msitu mtupu. Hakuna nyumba, hakuna kituo cha mafuta, hakuna mtandao wa simu. Mwaka jana mtu mmoja alizimikiwa na gari humo. Alipona, ila vidole vyake vitatu havikupona.

"Tumebakiza kilomita thelathini na nane," mama alisema polepole. "Petroli ni ya thelathini na saba. Ningerudi, lakini kama nguzo imekufa, nyumbani litapata nini? Twende. Injini ikishika joto itapunguza kunywa. Huenda."

Mama alitia gia.

"Mama, nguzo ni nzima."

"Unasemaje?"

"Nguzo nzima. Sikuchomeka. Niliona nyayo za mbwa mwitu."

Nilingoja anifokee. Hakufoka, na hilo liliniogopesha zaidi. Aligeuza gari, na kilomita tisa zote alikodolea macho namba ya petroli.

Babu alikuwa nguzoni, kurunzi kwapani, kifuniko kimefunguliwa, glavu mfukoni. Ncha za vidole vyake zilikuwa nyeupe kwa baridi.

"Nguzo hii ina afya kunishinda," alisema. "Ina nini?"

"Haina kitu, babu. Mimi ndiye niliyedanganya."

Mama alivishika vidole vya babu, akavipeleka ndani ya koti lake mwenyewe. Mimi nilichomeka kebo, kisha nikamwonyesha babu zile nyayo. Nilitarajia aseme ni za mbwa wa jirani.

"Ni mbwa mwitu kweli," alisema. "Amepita, ameenda zake. Hata mimi nimekuja huku nikiangalia nyuma."

"Babu, unaogopa?"

"Nina miaka sabini na minane. Unadhani nimefika huku kwa kutoogopa?"

Mama alipiga simu kazini kusema atachelewa. Kisha akanigeukia.

"Mwongo njia yake fupi, Helka. Yako leo imekuwa kilomita tisa, na tumshukuru Mungu haikuwa ndefu zaidi. Kuogopa si kosa. Ungesema jana, tungekuja wawili, dakika mbili, kazi imekwisha. Uliponyamaza, hofu yako tuliibeba sisi: mimi barabarani, babu yako hapa, na hatukujua tumebeba nini."

Jioni hiyo nilivaa buti, nikasimama mlangoni.

"Babu, naogopa kwenda kulilisha gari."

"Afadhali," akasema, akichukua kurunzi. "Mimi pia. Twende."