Matimba ya Masumbwe

Simu iliita mara moja, ikakata. Ikaita tena.

"Pamba imevunwa," alisema Salome, mkuu wa Bhoke katika kikosi cha kuzuia magendo, kutoka Shinyanga. "Iache ipakiwe na iondoke. Mnunuzi anaisubiri mpakani. Tunawataka wote wawili, yeye na mzigo."

"Nimekusikia, Mkuu."

Bhoke alisukuma kifaa cha sikioni ndani ya kilemba, akashuka kwenye Hilux.

Saa nne asubuhi. Uwanja wa karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, nje kidogo ya Masumbwe. Wiki tatu sasa alijulikana hapa kama Mama Ngazi, mwanamke anayekodisha ngazi za alumini za kupandishia mashine kwenye malori. Hakuna aliyejua kuhusu bastola aina ya Glock iliyokuwa chini ya kitenge chake.

Mbele yake lilisimama Fuso. Nyuma ya Fuso, pikipiki ya matairi manne, Yamaha nyekundu, na masanduku mawili ya chuma yaliyochomelewa nyuma ya kiti.

Hakuna mtu aliyeikalia. Hata hivyo springi za nyuma zilikuwa zimedidimia.

Dhahabu. Ndiyo pamba ya Salome.

"Mwangaluka, Mwigulu," alisalimia. "Nimeleta ngazi. Mita mbili na nusu kila moja, zinabeba kilo mia saba zikiwa mbili."

Mwigulu, mwenye mzigo, alicheka mpaka kofia ikacheza. "Rudi nazo, Mama Ngazi. Wachimbaji tuna matimba."

Akapiga teke mbao mbili nene zilizoegemezwa kwenye bodi ya Fuso. Zilikuwa zimeng'olewa kwenye duara la zamani, shimo la wachimbaji, zilikozuia kuta zisiwaangukie watu.

"Hizi zimebeba mlima miaka sita. Zitashindwa na pikipiki?"

Bhoke alizitazama. Fupi, mita moja na nusu tu. Mwinuko mkali kama paa la kanisa. Hazikufungwa popote. Moja ilikuwa na ufa katikati.

"Shimoni zilisimama wima," alisema. "Hapa umezilaza. Mbao iliyosimama na iliyolala si kitu kimoja. Na uzito wako wote uko nyuma. Itapinduka."

"Nani kakuuliza?"

Mchimbaji mmoja mwembamba alipanda kwenye kiti. Edson. Kila asubuhi alimwamkia Bhoke na kumsaidia kushusha ngazi.

"Shikamoo, dada. Usihofu, napanda haraka haraka."

"Marahaba. Edson, shuka."

"Edson, washa!" alifoka Mwigulu.

Sauti ya Salome ikakwaruza sikioni. "Bhoke, nyamaza. Mzigo lazima uondoke."

Bhoke aligeuka pembeni, akajifanya anakohoa. "Mtu atakufa, Mkuu."

"Hiyo ni amri."

Ndipo akaona matone.

Maji yalidondoka chini ya kabini ya Fuso, tone baada ya tone. Injini ilikuwa ikinguruma, vioo vimepandishwa. Kiyoyozi. Dereva alikuwa nje, anakula muwa.

Nani alikuwa anapoozwa mle ndani?

"Mkuu, mnunuzi hayuko mpakani. Yuko hapa."

"Una ushahidi?"

"Maji."

"Bhoke!"

Yamaha ilinguruma. Magurudumu ya mbele yakapanda matimba. Pua ikatazama mbingu.

Timba likalia. Kaa!

Bhoke alikwisharuka. Alimdaka Edson ukosi wa shati, akamvuta pembeni, wakabiringika pamoja vumbini. Pikipiki ilipinduka kinyumenyume na kutua pale pale ambapo kifua cha Edson kingekuwa. Sanduku moja lilipasuka. Vipande vya njano vikamwagika juani.



Mlango wa kabini ulifunguka kwa kishindo. Mtu mwenye suti ya kijivu aliruka chini, pasipoti ya kigeni ikichungulia mfukoni. Hakumtazama Edson. Alitazama dhahabu yake.

"Wajinga!" alipiga kelele. "Mzigo wangu!"

"Asante kwa kujitambulisha," alisema Bhoke. Glock ilikuwa mkononi.

Mwigulu alichomoa bastola. Alichelewa. Risasi ya Bhoke ilimpata begani, bastola ikaruka mpaka kwenye maganda ya muwa. Dereva akanyoosha mikono, kipande cha muwa bado mdomoni.

Dakika ishirini baadaye magari ya kikosi yaliingia. Vielelezo vilihitaji kupakiwa, na Fuso lilikuwa pale pale.

"Sasa tazama," Bhoke alimwambia Edson. "Lori mahali tambarare. Breki ya mkono. Mawe chini ya matairi. Minyororo ya ngazi funga kwenye bodi, vuta mpaka ikaze. Sanduku lililosalia tumelikata, hakuna uzito nyuma. Hakuna anayekaa juu, hakuna anayesimama chini. Winchi ya gari la kikosi itavuta."

Yamaha ilipanda taratibu, kama ng'ombe anayerudi zizini.

"Dada," alisema Edson, "ningekuwa maiti."

"Ungekuwa. Kesho usipande kitu kwa sababu tu mtu kafoka."

Simu iliita.

"Umekiuka amri huku kikosi kizima kikisikiliza," alisema Salome. "Una bahati mnunuzi alikuwemo. Na kama asingekuwemo?"

"Ningemvuta Edson vilevile."



"Nataka barua ya kuomba radhi mezani kwangu kabla ya jioni."

Bhoke alifungua minyororo, akabeba ngazi zake mbili begani, akaelekea kwenye Hilux bila kugeuka nyuma.

"Ripoti utaipata, Mkuu. Radhi siombi."