Mafuta ya Argani na Moyo wa Bibi

Kila alipotoka shule, Kiduchu alipitia kwenye karakana ya mama yake. Jina hilo la utani alipewa alipozaliwa akiwa mdogo kama kiganja, na halikumwacha hata sasa alipokuwa akimfikia mama yake mabegani.

Mama yake na wanawake wenzake walikamua mafuta ya argani, tunda la mti wa miiba lenye kokwa ndani. Waliketi kwenye mikeka wakipasua kokwa kwa mawe, ko! ko! ko!, kokwa ngumu kama kichwa cha mbishi. Kila kokwa ilitoa mbegu chache nyembamba. Walizikaanga, wakazisaga mpaka zikawa uji mzito wa kahawia, kisha wakautia uji huo kwenye mashine ya kukamulia.

Hapo ndipo Kiduchu aliposahau hata njaa. Kwa muda hapakutoka kitu. Halafu tone moja lilijitokeza, likaning'inia, likanasa mwanga wa dirisha na kuwa la rangi ya dhahabu, likadondoka.

"Mama, kokwa zote zile kwa chupa hii ndogo tu?"

"Ndiyo hivyo, mwanangu. Argani haina haraka na mtu."

Siku moja, mama yake alipotoka kwenda kumwaga maganda uani, aliingia mteja mwenye sauti ya tarumbeta. "Watu hawajui tu!" alisema akiinua chupa. "Haya yana antioksidanti. Yanatibu kila kitu. Mimi presha yangu imekwisha, na vidonge nimetupa jalalani!"

Mama yake aliporudi, mteja alikuwa ameshaondoka. Lakini neno lile refu lilikwishamganda Kiduchu kichwani.

Jioni alimkuta bibi yake amekunja uso mbele ya vidonge vyake vya presha. "Hivi vidonge vinaninyanyasa," Bibi alilalamika. "Kila nikivimeza vinanikumbusha kwamba nimezeeka."

Kiduchu akamnong'oneza habari aliyoisikia.

"Anti nini?"

"Antioksidanti, Bibi."

Bibi akacheka. "Jina refu namna hiyo haliwezi kukosa nguvu!"

Wakakubaliana. Kila asubuhi Bibi angelamba kijiko cha mafuta kutoka chupa ya jikoni, na vidonge vingefichwa ndani ya kopo la vifungo. Mama asiambiwe, maana angewapigia kelele bure.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Bibi alijipaka mafuta mikononi pia, na ngozi yake iliyokuwa kavu ikalainika. Kiduchu alijiona daktari kamili.

Kisha, mchana mmoja wakianua nguo, Bibi akaishika kamba ghafla. "Mjukuu wangu, mbona ukuta unazunguka?" Akaketi chini, jasho likimtoka, akilalamika kuwa kichwa kinampasuka. Kiduchu alipiga kelele kumwita jirani akae naye, akatimua mbio hadi karakanani. Mama alikuja mikono ikingali na mafuta.

Kituo cha afya hakikuwa mbali. Daktari, mwanamke mwembamba asiyependa maneno mengi, alimpima Bibi presha, akapima tena.

"Iko juu sana. Anakunywa dawa zake?"

"Kila siku," alijibu Mama. "Namwekea mezani mwenyewe."

"Basi zimeshindwa. Itabidi nimpe zenye nguvu zaidi."

Bibi alifumba macho. Kiduchu alimtazama Bibi, kisha kalamu ya Daktari. Akisema, atamchongea Bibi na kujichongea mwenyewe. Akinyamaza, Bibi atapewa dawa kali asizozihitaji.

"Hajazinywa!" alisema, machozi yakimtoka. "Ni mimi, Daktari. Nilimwambia anywe mafuta ya argani badala yake."

Mama alishika mdomo. Daktari aliweka kalamu chini. "Ahsante kwa kuniambia," alisema taratibu. "Sasa najua la kufanya."

Bibi alipewa dawa zake zilezile na kulazwa kitandani apumzike. Presha ilipoanza kushuka, Daktari alitoa tofaa na limau kwenye mkoba wake, akalikata tofaa vipande viwili. Kimoja alikikamulia limau. "Kaa uviangalie," alimwambia Kiduchu.

Kiduchu hakubandua macho. Polepole kipande kisicho na limau kilianza kugeuka rangi, kikawa cha kahawia kama kitu kilichooza. Cha limau kilibaki cheupe.

"Hewa imelichakaza tunda," Daktari alieleza. "Mwilini pia kuna uchakavu wa namna hiyo, na antioksidanti husaidia kuupunguza. Limau linazo. Mafuta ya mama yako yanazo, tena yana vitamini E kwa wingi."

"Kwa hiyo yule mteja alisema kweli?"

"Alianza na kweli, akaongeza chumvi. Mafuta haya ni chakula kizuri, na hulainisha ngozi. Watafiti bado wanachunguza kama yanasaidia moyo na mishipa ya damu. Lakini hayawezi kuchukua nafasi ya dawa ya presha. Njoo usikilize."

Alimvalisha masikioni kifaa chake cha kusikilizia mapigo ya moyo, akaweka ncha yake kifuani pa Bibi. Kiduchu akashtuka. Du-dum. Du-dum. Mlio ule ulikuwa mzito na karibu mno, kana kwamba Bibi mzima alikuwa ndani ya kichwa chake.

"Moyo huo unafanya kazi tangu kabla mama yako hajazaliwa," alisema Daktari. "Haujapumzika hata siku moja."

Kiduchu alimkodolea Bibi macho. Bibi akafungua jicho moja. "Mwambie aache kunitazama kama mzimu. Leteni hivyo vidonge, nimekoma."

Wote wakacheka. Kisha Mama akamvuta Kiduchu karibu, uso wake ukiwa mzito.

"Ulikosea kuficha, mwanangu, na Bibi yako naye alikosea. Lakini umesema kweli wakati ilipokuwa ngumu kuisema, na kweli hiyo ndiyo iliyomwonyesha Daktari njia. Kuanzia leo, ukisikia jambo jipya kuhusu afya, hata likiwa zuri namna gani, mwulize kwanza aliyelisomea. Na dawa aliyoandika daktari, haachi mtu mpaka daktari mwenyewe aseme."

"Nimesikia, Mama," alisema Kiduchu, na sikioni mwake moyo wa Bibi uliendelea kupiga.