Mke wa Kwenye Tamthilia

Saa moja na nusu jioni, Baba Pacha alikuwa ameshaoga na kukaa mbele ya televisheni. Mchana kutwa alitengeneza friji za watu. Jioni alitaka tamthilia yake. Pacha wake wawili walilala kifudifudi kwenye mkeka. Mkewe, Mama Pacha, alikaa pembeni akikunja sare za shule.

Katika tamthilia hiyo, mke mmoja alipata kazi benki. Haikupita wiki, mwanawe akaanguka ngazini. Mama mkwe akalia. Mume akakonda. Mwishoni mke akapiga magoti, akaomba radhi, akaacha kazi. Muziki mtamu ukapigwa.

"Umeona mambo hayo?" Baba Pacha alisema.

Mama Pacha alikunja shati jingine.

Kabla ya kuolewa, alijifunza kukata lenzi za miwani kwa miaka miwili. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Pacha walipoanza shule, mzee aliyemfundisha alimpigia simu. Alimwambia nafasi ipo, aje asubuhi tu.

"Subiri kidogo," Baba Pacha alimwambia. "Watoto bado wadogo. Unataka yatupate kama ya yule wa benki?"

Mwaka uliofuata aliomba tena. Safari hii tamthilia ilikuwa nyingine, na mke alikuwa daktari, lakini jibu lilikuwa lile lile. Mwaka wa tatu hakuomba.

Jumamosi moja, friji ya jirani yao mpya iliharibika. Jirani huyo alikuwa mshonaji. Baba Pacha alikwenda kuitengeneza, na mkewe akafuatana naye kupiga soga. Jirani alikuwa akipiga pasi blauzi ya bluu yenye vifungo vyeupe. Baba Pacha aliitazama, akaacha bisibisi.

"Dada, hii si ya yule mke wa benki?"

"Ndiyo yenyewe, shemeji. Mimi ndiye ninayewavalisha waigizaji wa tamthilia ile."

"Masikini yule dada. Afadhali aliacha kazi."

Jirani alicheka. "Nani aliyeacha kazi? Yule mwigizaji ana mume na watoto watatu. Saa kumi na mbili asubuhi yuko kwetu kazini, anapakwa poda. Mumewe ndiye anayepeleka watoto shule."

Baba Pacha aliokota bisibisi yake. "Sasa mbona wanatuonyesha vile?"

"Wanaoandika wanataka kesho urudi kuangalia. Mke akienda kazini, akarudi, watu wakala, wakalala, utaangalia nini? Kwa hiyo wanamletea balaa. Mimi nimewavalisha wake wafanyakazi kumi na mmoja. Kumi waliadhibiwa. Mmoja alikufa."

"Hakuna aliyefanikiwa?"

"Hata mmoja. Na mume wa kwenye hadithi hajawahi kushika ufagio, wala hakuna anayemuuliza. Shemeji, mkeo aliniambia pacha wako mmoja alivunjika mkono mwaka jana. Mama yake alikuwa wapi?"

"Alikuwa jikoni," Baba Pacha alisema. "Hatua tatu tu kutoka kwa mtoto."

"Basi. Watoto huanguka. Cha muhimu ni ninyi wawili mkae, mpange nani anafanya nini, saa ngapi. Mimi na mume wangu tulipanga hivyo, na mambo yanakwenda."

Waliporudi nyumbani, Baba Pacha alisimama mlangoni. "Mpigie yule mzee," alisema. "Mwambie unakuja."

"Mzee alifunga duka mwaka jana. Macho yake yalichoka. Alinipigia, akataka kuniachia mashine zake zote."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia sitaweza."

"Mbona hukuniambia?"

"Jibu lako nilikuwa nalijua."

Baba Pacha aliketi.

Jioni hiyo hawakuwasha televisheni. Walichukua daftari, wakapanga. Baba angewaamsha watoto na kuwapeleka shule. Mama angewachukua. Vyombo vya jioni vikawa vya baba.

Ilichukua miezi minne kupata nafasi kwenye kliniki ya macho. Mashine zilikuwa zimebadilika, sasa zinaendeshwa na kompyuta. Mama Pacha alianza upya kama mwanafunzi, na mwalimu wake alikuwa msichana mdogo kwake kwa miaka kumi na miwili. Wiki za kwanza alirudi ameinamisha kichwa. Kisha vidole vikaanza kukumbuka. Sasa ameajiriwa. Watoto wanakula, wanasoma, na wakati mwingine wanaanguka, kama zamani.

Jana Baba Pacha alikuwa akiosha vyombo. Mkewe alisimama karibu, akifuta sahani.

"Yule mwalimu wangu anasema mkono wangu una kipaji," alisema. "Ameniuliza miaka yote hii nilikuwa wapi."

"Umemjibu nini?"

"Nimemwambia nilikuwa nyumbani, nangoja."

Baba Pacha aliendelea kusugua sufuria, ingawa ilikuwa imeshatakata.