Kimto cha Kushikia Chupa

Wazazi wenzangu, sogeeni niwaambie. Nyumba ya fundi cherehani ilikuwa nyumba ya raha. Asubuhi mashine inalia dirishani, na mwanawe mchanga, waliyemwita Kibonge kwa mashavu yake, amelala kitandani nyuma yake, anachezea vidole vya miguu.

Kibonge hajafika umri wa kushika chupa. Akipewa, inamponyoka na kumgonga pua. Lakini sare za shule zilikuwa zimerundikana, na fundi naye hashindwi na kitambaa. Akashona kimto chenye kitanzi cha lastiki, akachomeka chupa, ikakaa mdomoni kwa mtoto yenyewe. Akamwita wifi yake, waliyeishi naye, aje aone mtoto anavyojinywesha.

"Huyo hajashika chupa, wifi," akaambiwa. "Chupa ndiyo imemshika yeye."

Fundi akacheka, akamjibu kwamba asiyelea hafundishi kulea. Jirani yao mwenye pacha alipokiona kimto akavitamani viwili. Akashonewa, akapewa zawadi.

Siku moja fundi alikuwa kwenye pindo refu la pazia, cherehani inanguruma. Wifi akaingia kuomba mkasi, hakuuomba. Kibonge midomo imembadilika rangi, maziwa yanamtoka puani, na kila akigeuza kichwa kimto kinamfuata. Wifi akamnyakua, akamlaza kifudifudi juu ya mkono, akampiga mgongoni kwa kiganja mpaka kilio kikatoka. Mama mtu mguu bado uko kwenye kanyagio. Jamani, alikuwa karibu naye kiasi cha kunyoosha mkono tu.

Hospitalini nesi akauliza ni nani alikuwa amempakata mtoto akinywa.

"Mimi," fundi akasema.

Wifi akatazama sakafu, hakumwumbua. Heri angemwumbua. Mtoto alipona, lakini lile "Mimi" la uongo halikumtoka mama yake akilini. Akikaa kwenye mashine, mguu unakataa kukanyaga. Anawawaza pacha wa watu.

Mwisho akatoka mbio bila kufunga mlango. Akawakuta pacha wamelazwa sambamba, kila mmoja na kimto chake, mama yao yuko uani anafua. Akachomoa chupa zote mbili. Watoto wakaangua kilio, jirani akaingia na povu mikononi, akauliza kulikoni.

"Nilikupa kitu kibaya, mama pacha. Changu nusura kiniulie mwanangu, na hospitalini nikadanganya."

Jirani akajifuta mikono, akampakata mmoja. Fundi akampakata wa pili. Wakawanywesha hadi chupa zikaisha, na sare za watu zikachelewa.

FUNZO

Mtoto atashika chupa siku yake ikifika. Wengine mapema, wengine baadaye, na hakuna mashindano. Hata akiweza, kushika kwake si ruhusa ya wewe kuondoka. Mpakate, mtazame, akisukuma chupa mwache apumue. Kazi itakusubiri, pumzi ya mtoto haisubiri. Na ukigundua umemfundisha mwenzio kosa, usione haya: nenda ukalifumue kwa mkono wako mwenyewe.