Mejumaa na Pumzi za Mama

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Mejumaa alisimama mbele ya mama yake na kumuuliza, "Mama, wapumua vyema?"

"Napumua vyema, mwanangu," Mama alijibu huku akishona kofia karibu na dirisha.

Mejumaa alishuka ngazi. Alipofika mlango wa chini, alipanda tena. "Kweli, Mama?"

"Kweli, mwanangu. Nenda."

Alipofika pembe ya kichochoro aliita tena, na Mama akatoa mkono dirishani kumpungia. Majirani wa mtaa wa Kibokoni walikuwa wamekwishazoea.

Mama alikuwa na pumu. Mwaka uliopita ilimbana vibaya hata midomo ikabadilika rangi, akakimbizwa hospitali. Alirudi na kopo la dawa ya kuvuta, na tangu siku hiyo hakubanwa tena namna ile. Mama alipata nafuu. Mejumaa hakupata. Kila mapumziko ya saa nne alitoka shuleni mbio kwenda kumtazama mama yake, na kila mara alirudi amechelewa.

"Mejumaa, una mtoto mchanga wa kunyonyesha huko nyumbani?" Mwalimu Nicodemus alimuuliza mbele ya darasa la saba.

"Huyo ni daktari wa mbio, mwalimu!" Tony alidakia. Darasa zima likacheka.

Mejumaa alihisi uso wake ukiwaka. Walicheka wote, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza anakimbilia nini. Mwalimu alimchapa viboko viganjani, kisha akasema, "Wewe ndiwe kiongozi wa shairi letu kwenye tamasha katika ukumbi wa Tononoka. Ni siku nzima. Ukitoroka tena, nafasi yako nampa Beryl."

Shairi hilo Mejumaa alilipenda kuliko kitu chochote shuleni. Alirudi nyumbani akilia, mikono imevimba.

Mama aliiona mikono ile. Alivaa buibui lake akaenda moja kwa moja hadi shuleni.

"Mwalimu, mtoto akiwa na homa, mwamchapa ili apoe?"

"Mama, mimi sikujua kama ana tatizo. Hakuniambia."

"Ulimuuliza?"

Mwalimu Nicodemus alitazama chini. Kisha alisema kwa sauti ndogo, "Sikumuuliza. Nafasi yake ipo, mama. Lakini siku ya tamasha akiondoka katikati, wenzake wataharibikiwa."

Mama alirudi bado anafoka. Mpangaji wa chini, muuguzi aliyeitwa Sista Wanza, alimsikia akapanda juu.

"Una haki ya kukasirika, dada," alisema baada ya kuelezwa. "Wasiwasi hautoki kwa kiboko wala kwa kicheko. Lakini na wewe unaulisha."

"Mimi?" Mama alisimama. "Mimi ninayemjibu mtoto wangu kwa upole kila anapouliza?"

"Ndiyo. Jibu lako linamtuliza kidogo tu, kisha wasiwasi unarudi na njaa zaidi. Asubuhi ya leo ameuliza mara ngapi?"

"Mara tatu," Mama alisema.

Sista Wanza alimgeukia Mejumaa. "Kuna wasiwasi wenye kazi na wasiwasi usio na kazi. Wenye kazi unasema: dawa ya Mama iko karibu? Mimi najua la kufanya akibanwa? Hayo tutayapanga leo: dawa ikae kando ya Mama, na akibanwa aniite dirishani. Uliobaki hauna kazi, unakuzungusha tu. Ukikujia, uambie, 'Nimekusikia, ngoja alasiri.' Ikifika alasiri kaa barazani chini uwaze utakavyo, kisha ondoka ukacheze. Na usikimbie kutazama. Hofu hujaa kama maji ya bahari ya Kilindini, lakini ukitulia nayo, hupwa yenyewe."

Asubuhi iliyofuata Mejumaa aliuliza, "Mama, wapumua vyema?"

"Wewe waonaje?" Mama alisema.

"Nijibu, Mama!"

"Nakupenda, mwanangu. Nenda shule."

"Una roho ya jiwe! Wewe na Sista Wanza wako!" Mejumaa alishuka ngazi akaubamiza mlango wa chini kwa hasira. Siku nzima aliwachukia wote wawili. Mapumziko yalipofika alishikilia dawati kwa mikono miwili. Moyo ulimwenda mbio, jasho likamtoka. Kisha, kengele ikiwa bado haijalia, moyo ukaanza kupungua mbio. Alishangaa. Siku zilizofuata ilikuwa vigumu bado, ila kila siku ugumu ulipungua.

Siku ya tamasha, ukumbi wa Tononoka ulijaa shule nyingi. Zamu yao ikikaribia, mwanamke mmoja nyuma yake alikohoa sana. Mejumaa alisimama ghafla. Tony alimtazama. "Wakimbia, daktari?"

"Kaa kimya, Tony!" alisema kwa ukali. "Siendi popote." Akakaa. Jina la shule lilipoitwa, alipanda jukwaani akaghani shairi tangu mwanzo hadi mwisho, na ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Alipofika nyumbani alimkuta Mama ameegemea mito, na Sista Wanza kando yake.

"Pumu ilinibana mchana," Mama alisema.

Mejumaa aliangusha mfuko. "Na hamkuniita! Mlinidanganya kwamba wasiwasi wangu hauna kazi!"

"Hatukukudanganya. Keti hapa. Ningekuita, ungefanya nini? Nilivuta dawa, nikakaa wima, nikamwita Sista Wanza dirishani. Ikapita. Kukimbia kwako hakukunilinda siku zote zile, na kukaa kwako Tononoka leo hakukunidhuru."

Mejumaa alimtazama mama yake. Kifua chake kilipanda na kushuka taratibu. Swali lilimfika mdomoni, akalimeza.

Mama akamvuta karibu. "Nilidhani kukujibu kila mara ndiko kukupenda. Sasa nimejifunza, nawe ujifunze. Hofu ni mgeni asiyepiga hodi, mwanangu. Hatuwezi kumzuia kuingia, lakini si lazima tumpikie."