Pipa Halipumui

Karakana ya Fundi Pima ilipakana na nyumba yake. Ukuta ulikuwa mmoja. Upande huu msumeno wa umeme, upande wa pili sufuria za mkewe. Fundi akianza kupasua mbao asubuhi, vikombe vya jikoni hutikisika vyote kama vina homa.

Watu walimwita Pima kwa sababu ya maneno yake. Mteja akitaka meza, yeye husema, "Kwanza tupime." Mkewe akisema chumvi imezidi, yeye husema, "Umepima?" Jina lake la kuzaliwa wengi hawalijui. Hata yeye, ukimwita kwa jina hilo njiani, anaweza kupita bila kugeuka.

Nyumbani walikuwa wanne: fundi, mkewe, binti yao, na mtoto wa binti, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaanza kutambaa. Baba wa mtoto alifanya kazi mbali. Fundi alimpenda mjukuu huyu kupita kiasi. Alimwita mke wake mdogo. Bibi naye akamwita mtoto mke mwenza, na kila jioni wazee hao waligombania kumbeba.

Lakini furaha hiyo ilikuwa na doa, na doa lenyewe ni vumbi. Maranda yanayotoka kwenye randa hayana shida. Ni makubwa, unayazoa kwa mikono. Shida ni unga wa mbao unaotoka kwenye msumeno na mashine ya msasa. Huo ni mwembamba na unakaa hewani muda mrefu. Ulipita chini ya mlango, ukatua kwenye shuka, kwenye maji ya kunywa, mpaka kwenye nyusi za fundi.

Mtoto akaanza kukohoa. Walimpeleka zahanati, akapewa dawa, akapata nafuu. Waliporudi nyumbani akakohoa tena. Safari ya pili muuguzi alimwambia binti waziwazi, "Dawa peke yake haitoshi, mama. Huyu aondolewe kwenye vumbi."

Fundi hakukaa akishika tama. Alinunua mashine ya kunyonya vumbi, iliyokwisha kutumika. Bomba lake lilianzia chini ya msumeno, likaingia ubavuni mwa chombo cha bati. Chombo hicho kilikuwa kipana juu na chembamba chini, mfano wa pia wanayochezea watoto. Juu yake palikuwa na feni ya kuvuta hewa. Chini yake palikuwa na pipa la kupokea vumbi. Hewa ilitolewa nje kwa bomba lingine, kupitia dirishani. Siku hiyohiyo nyumba nzima ikaiita Pia.

Kabla ya kuiwasha, fundi alichukua drili akatoboa safu ya matundu ubavuni mwa pipa. "Lazima lipumue," alimwambia mkewe.

Pia ikanguruma. Karibu na msumeno vumbi likapungua kweli, na fundi akatabasamu. Kisha akatoka uani. Loo, bomba la dirishani lilikuwa linatema unga juu ya nepi zilizoanikwa. Alirudi ndani akachungulia pipani. Mlikuwa na vumbi la kujaza kiganja tu.

"Matundu hayatoshi," akasema. Akatoboa safu nyingine. Mambo yakazidi kuharibika.

Jioni ile binti alizikung'uta nepi moja moja. Kisha akasema, "Baba, Jumamosi nakwenda kwa wakwe zangu na mtoto. Sijakasirika. Ila siwezi kumsikiliza anakohoa hivi."

Fundi alitaka kumwambia asiende. Angesemaje, na kikohozi wanakisikia wote? Roho ilimuuma. Usiku huo hakuna aliyegombania kumbeba mtoto.

Kesho yake akaja shemeji, mdogo wa mkewe. Mwanamke huyu alikuwa fundi wa feni na mabomba katika kiwanda kimoja, na kwa utani hakuwa na mpinzani. Aliangalia nepi, akaangalia bomba la dirishani.

"Shemeji, siku hizi unauza unga?"

"Cheka tu. Nimeuziwa kimeo, kitu kibovu."

"Hebu kiwashe nikione."

Fundi akaiwasha Pia. Shemeji aliizunguka polepole, akaligusagusa bati, akainama kwenye pipa.

"Na haya matundu ni ya nini?"

"Ya kupumulia. Shemeji, mimi ni seremala. Sijauza kabati lisilo na matundu mgongoni. Bila hayo nguo zinaota ukungu."

"Kwa kabati sikubishii. Sasa niambie, kwenye matundu haya hewa inatoka au inaingia?"

"Inatoka. Si ndiyo maana ya kupumua?"

"Umepima?"

Mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni, alicheka mpaka akaketi chini. Fundi mwenyewe ikabidi acheke.

Shemeji alichana ukanda wa gazeti, akaushika karibu na tundu. Karatasi ilivutwa, ikanasa pale. Akaipeleka kwenye tundu la pili. Ikanasa vilevile. Fundi akajaribu kwa mkono wake, mara moja, mara mbili. Hewa ilikuwa inaingia.

"Zima tuongee," shemeji akasema. Fundi akaizima. "Ulishapanda gari linalokata kona kwa kasi?"

"Sana. Unabanwa kwenye mlango."

"Basi ndiyo hayo. Gari linageuka, wewe mwili wako unataka kwenda mbele. Ndani ya Pia hewa inaingia kwa ubavuni, kwa hiyo inazunguka. Hewa ni nyepesi, kona inaiweza. Chembe za mbao ni nzito, kona inazishinda. Zinatupwa pembeni, zinagonga bati, zinapunguza mwendo, zinateleza mpaka kwenye pipa. Hewa ikifika chini inageuka, inapanda katikati, inatoka juu."

"Na vumbi linabaki pipani."

"Linabaki, kama pipa limefungwa. Lakini feni iko juu, inavuta, na inavuta hata pipa. Ukilitoboa, hewa ya nje inaingia kwa matundu yako, inaubeba unga uliokwisha kutua, inapanda nao mpaka kwenye nepi za watu."

"Kumbe nilivyoongeza matundu..."

"Uliongeza vumbi. Usijali, si wewe wa kwanza. Kule kiwandani tuna chombo kama hiki kwenye bomba la hewa. Kinatoa matone ya maji, si vumbi, lakini kazi ni ileile ya kuzungusha hewa ili kizito kiende pembeni. Kuna mtu aliacha koki ya chini wazi, tukalowa wote."

Fundi hakungoja chai. Alichonga vizibo vya mbao, akavipaka gundi, akavigongea kwenye matundu. Akavipiga msasa. Akataka kuvipaka na vanishi, shemeji akamwambia pipa haliendi harusini. Kwenye ukingo wa pipa walifunga tyubu ya baiskeli iliyochanwa, ili mfuniko unaoliunganisha na Pia ubane. Wakapima tena kwa karatasi kila upande. Karatasi haikunasa popote.

Pia ikawashwa, fundi akapasua ubao mzima. Wote wakatoka uani. Bomba lilitoa hewa, na ndani ya hewa ukungu mwembamba, basi. Walipoizima na kufungua pipa, waliukuta unga umefunika kitako chote cha pipa.

"Huo mwembamba kabisa Pia haiwezi kuukamata wote," shemeji akaonya. "Funga mfuko wa chujio kwenye bomba la nje. Wewe ukifanya kazi vaa barakoa. Usifagie sakafu kavu, ipanguse kwa kitambaa chenye maji. Ziba chini ya mlango. Na pipa lisijae mpaka juu. Zima kwanza, subiri vumbi litulie, ndipo umwage."

Yote yalifanyika. Binti aliona, akasema atangoja kidogo kabla ya kuondoka. Jumamosi ikapita. Kikohozi kikapungua, kikawa cha asubuhi tu, kisha kikaisha. Zahanati muuguzi alimsikiliza mtoto kifua mbele na nyuma, akasema ni kisafi.

Siku hiyo waliporudi, binti aliingia karakana, mtoto akiwa kiunoni. Mashine zilikuwa zimezimwa.

"Baba, mtoto anahitaji kitanda."

Fundi akauliza, "Cha kubebeka? Cha kwenda nacho kwa wakwe?"

"Kikubwa. Kisichopita mlangoni."

Fundi aliinuka. Alikwenda ukutani zilipoegemezwa mbao, akazipekua zote, akachagua iliyo ndefu kuliko nyingine, akailaza mezani.