Uso wa Pastory Ubaoni

Jua lilikuwa linazama nilipokwenda karakana kuanua picha zilizokauka. Sisi wachonga picha wa Kihanga tuko sita. Tunachonga ubao, tunaupaka wino kwa rola, tunalaza karatasi juu yake na kuisugua kwa mgongo wa kijiko. Picha hutoka imegeuka, kulia kunakuwa kushoto. Ndiyo maana mzee Elpidius, aliyetufundisha, alitundika kioo ukutani: sura unaitazama kwenye kioo kwanza, ndipo unachonga hivyo unavyoiona. Wanaosahau huwa nawacheka mimi. Mdomo wangu mkali, najua.

Jioni ile sikuwa na kicheko. Mume wangu, Pastory, alikwenda Kamuli kutafuta mbao za kuchongea, hakurudi. Wiki ya tano sasa. Pikipiki yake ilionekana kando ya barabara, yeye hapana. Tulitangaza redioni, tukaomba misa, tukazunguka hospitali zote. Mwishowe shemeji yangu Jovitus na ukoo wakaamua: kesho wanazika mgomba badala yake, matanga yaishe. Kaburi lilikwisha chimbwa. Niliwaambia sitaulilia mgomba nikauita mume wangu. Wakasema huzuni imenitia wazimu.

Nilikuwa naanua picha ya mwisho niliposikia harufu. Udongo mbichi... na pombe ya ndizi iliyochacha.

Kikongwe alikuwa ameketi mlangoni. Alijifunga nguo ya gome la mti, zile walizozikwa nazo watu wa zamani. Nikamwamkia shikamoo.

"Mumeo hajafa," alinong'ona. "Amepotea njia tu."

Akanipa ubao mweusi wa ukubwa wa kiganja. Ulikuwa na joto. Akanieleza nimchonge Pastory, nimchape karatasini mara moja tu, na nikimsikia akiniita niutie ubao motoni kabla ya kufungua mlango. Nilimuuliza yeye ni nani, na anataka malipo gani.

"Chonga, mwanangu. Kesho si mbali."

Niliinama kuokota patasi. Nilipoinuka, mlangoni hapakuwa na mtu.

Mwenye akili angekimbia. Mimi nina rozari shingoni, nilipaswa kukimbia zaidi. Lakini mfa maji haachi kutapatapa. Nilijifungia ndani, nikawasha moto kwenye mafiga tunayochemshia gundi, nikaegemeza simu yenye picha yake, nikaanza kuchonga. Machozi yalidondokea ubao, nikayafuta kwa kiwiko, nikaendelea. Nyusi. Mdomo. Kovu la shavu la kushoto, alipong'atwa na mbwa utotoni. Ilipofika saa mbili nilipaka wino, nikalaza karatasi, nikasugua.

Nikaibandua.

Kimya...

Kisha majani makavu ya migomba yakalia huko nje. Kwacha... kwacha... kwacha...

"Mama Mackrine, nifungulie."

Ilikuwa sauti yake. Jamani, ilikuwa sauti yake kabisa. Nikautupa ubao motoni, ukatoa mlio kama nyama mbichi kikaangoni, nami nikafungua. Pastory aliingia akanikumbatia. Nililia kifuani pake mpaka pumzi zikaniishia. Ngozi yake ilikuwa ya baridi, na ilinuka wino.

Nikaugeuzia uso wake kwenye mwanga wa moto.

Kovu lilikuwa shavu la kulia.

Nikatazama ukutani. Kioo kilikuwa palepale, na jioni nzima sikukitazama hata mara moja. Nilikuwa nimemchonga kama nilivyomwona kwenye simu, kosa la mwanafunzi wa siku ya kwanza. Aliyetoka kwenye karatasi ni huyu aliyegeuka. Na yule niliyemchonga sawasawa, wa kovu la kushoto, mume wangu mwenyewe...

Alikuwa motoni.

Nilirukia mafiga. Akanidaka mkono, kwa mkono wa kushoto, ule ambao Pastory hakuwahi kuushikia hata jembe.

"Acha uungue," alisema taratibu.

Nilimng'ata nikauchomoa ubao. Nusu ya uso ilikuwa mkaa.

Kesho yake kaburi lilifukiwa tupu na watu wakacheza ngoma uani kwetu. Jovitus alipiga magoti akaniomba radhi. Hakuna aliyeuliza habari ya kovu, na mimi, waliyekwisha kuniita mwenda wazimu, sikuthubutu kulitaja. Mama mkwe pekee ndiye aliyelitazama shavu lile kwa muda mrefu, kisha akainamisha kichwa, akaendelea kula ndizi zake. Ana haki. Amerudishiwa mtoto, naye hataki kumhesabia makovu. Mwanangu Mackrine anamwita baba, ila akitumwa ampelekee maji huyaweka chini na kurudi mbio.

Siku ya tatu simu ililia. Alikuwa nesi wa zahanati moja huko Kyerwa. Alisema wanaye mgonjwa aliyeokotwa shambani juzi usiku, saa mbili na kitu. Ameungua nusu ya mwili, lakini nguo zake hazikuguswa na moto, na mahali alipolala hapakuwa na majivu. Ana kovu la zamani kwenye shavu la kushoto. Hajui amekuwa wapi wiki zote hizi. Ameweza kutaja namba hii tu, na jina Auleria, jina langu.

"Ni wewe, dada? Unamfahamu?"

Moyo wangu ulishapanda pikipiki. Nilikuwa nimefungua kinywa niseme nakuja, nakuja sasa hivi, mwambieni asilale.

Mkono ukatua begani mwangu. Wa kushoto. Baridi yake ilipenya nguo. Alikuwa anamtazama Mackrine aliyekuwa uani akimenya ndizi, na kwa mkono wa pili alikuwa ameshika ile nusu ya ubao niliyoificha chini ya godoro. Mbele yetu, mekoni, kuni zilikuwa zinawaka vizuri.

"Dada, upo? Unamfahamu?"

"Simfahamu," nikasema.

Nadhani nesi aliiweka simu kwa sauti kubwa, ili mgonjwa naye asikie, kwa maana huko nyuma yake nilimsikia Pastory akilia.